Silabi na bahasha ya dawa: jibu kwa mwalimu wa darasa la kisomo

Swali: Msomaji wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Kilosa, ameandika kwamba tangu Januari anawafundisha bila malipo akina mama wa kikundi chake cha vikoba. Walianza 17, sasa wanahudhuria 6. Jumatatu na Jumatano anafundisha herufi, silabi na hesabu. Ijumaa anafundisha stadi za maisha, yaani afya, lishe na biashara ndogo, na siku hiyo ndiyo yenye mahudhurio mabaya kuliko zote. Anauliza kama awamalizie kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu ndipo aingie katika stadi za maisha, au aziache silabi kwa muda na kuanza na mambo yanayowagusa.

Jibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimelisoma swali lako mara mbili, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uifute Ijumaa. Sisemi hivyo kwa sababu afya na biashara hazina uzito, bali kwa sababu ukizitengea siku yake zinageuka hotuba, na mama aliyelea watoto watano haachi shamba lake ili aje kuelezwa kwamba maji ya kunywa yachemshwe. Wakati huohuo silabi za Jumatatu, zikiwa zimetengwa na kila kitu anachokishika nyumbani, zinakuwa sauti tupu ambazo anazisahau kabla ya Jumatano. Kwa hiyo swali la kipi kitangulie halina jibu zuri, maana limekwisha kuvitenganisha vitu viwili ambavyo darasani vinapaswa kufika pamoja: shughuli ya maisha ndiyo ichague silabi gani na tarakimu gani zifundishwe wiki hii, kisha silabi hizo zifanyiwe mazoezi kwa ukali uleule ulioutumia darasa la kwanza kwa miaka yako yote ya kazi.

Nieleze kwa mfano mmoja, nao ni ile bahasha ndogo ambayo mgonjwa hukabidhiwa dirishani pamoja na vidonge. Chukua neno dawa. Lina silabi mbili, da na wa, na kila moja ina familia yake: da, de, di, do, du, wa, we, wi, wo, wu. Ziandike familia hizo ubaoni pamoja na irabu tano, kisha waachie wanakisomo watafute maneno wenyewe. Watapata dada, dua, dau, udi, wewe, adui, wadudu, na atakuwapo mmoja atakayecheka na kusema dodo, kwa kuwa maembe hayakosi kutajwa Morogoro. Mwisho wa kipindi wanaweza kusoma sentensi nzima, dawa iue wadudu, na hakuna silabi ndani yake ambayo hawakuiona siku hiyo. Kiswahili kimetupendelea sana katika jambo hili, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia na irabu na kila herufi husomwa vilevile popote inapokaa. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyejulikana kwa kazi yake ya kisomo cha watu wazima, alifanya kazi kama hiyo kwa Kireno huko Angicos, kaskazini-mashariki mwa Brazili, mwaka 1963, akiwa na wafanyakazi wapatao 300; katika mfano unaotajwa sana wa mbinu yake, neno la tofali katika lugha yao, tijolo, lilivunjwa kuwa ti, jo na lo, kisha kila kipande kikazaa familia yake. Lakini kabla ya kulivunja, walijadili kwanza nani anafyatua matofali na nani anakaa katika nyumba za matofali. Mjadala huo ndio ambao wengi wetu huuruka tunapoiga mbinu hii.

Sasa igeuze bahasha. Juu yake mara nyingi huandikwa 1 x 3. Niliwahi kuuliza darasa moja maana yake, na mama mmoja, ambaye hesabu za sokoni hakuna anayemshinda, akajibu kwamba ni tatu, basi unameza vitatu. Hakukosea kuzidisha. Kwa hesabu ya ubaoni 1 x 3 na 3 x 1 ni kitu kimoja, lakini kwa mgonjwa ni vitu viwili, kwani ya kwanza ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku na ya pili ni vidonge vitatu kwa mara moja. Kipindi hicho kilituchukua saa nzima, nasi hatukuitafuta mada ya afya mahali pengine, maana ilikuwa mkononi. Tulipanga kokoto juu ya meza kwa asubuhi, mchana na usiku, tukaandika 2 x 2, tukaandika 1 x 2, kisha kila mmoja akamsomea jirani yake bahasha aliyoitunga. Baada ya hapo likaja suala la dawa inayotakiwa kumezwa kila baada ya saa nane, ambalo lilitupeleka kwenye saa mbili asubuhi, saa kumi alasiri na saa sita usiku, na hapo nikagundua kwamba tatizo kubwa zaidi lilikuwa linatusubiri.

Tatizo hilo ni saa yenyewe. Sisi huhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, ilhali simu, tiketi ya basi na karatasi za ofisini huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu aliyeanza kuzijua tarakimu akiona 10:00 kwenye tiketi atasoma saa kumi, naye atafika stendi alasiri kulifuata basi lililoondoka saa nne asubuhi. Hapa ndipo kujua kusoma kidogo kunaweza kumponza mtu kuliko kutojua kabisa, kwa kuwa asiyejua angeuliza. Wafundishe kutoa au kujumlisha sita, lakini usianze na kanuni. Anza na simu zao, wazishike saa za kipindi, waandike kinachoonekana kwenye kioo na pembeni yake waandike wao wenyewe wanaiitaje saa hiyo. Baada ya siku tatu kanuni wataitamka wenyewe.

Kwa upande wa hesabu nina neno refu kidogo, kwa sababu hapa ndipo walimu wa shule, na mimi nikiwamo, tunawadharau watu wazima bila kujua. Watafiti wa Brazili walichapisha mwaka 1985 matokeo ya kazi yao na watoto wachuuzi wa Recife: hesabu zilezile ambazo watoto hao walizipata sokoni kwa usahihi wa takriban 98 kwa kila 100, walizipata kwa takriban 37 tu zilipoandikwa kwenye karatasi bila habari yoyote ya biashara. Wanakisomo wako ni watu wa aina hiyo. Mwulize mmoja wao kilo 30 kwa shilingi 600 ni kiasi gani, na utamsikia akinong'ona kwamba kumi ni elfu sita, mara tatu, basi elfu kumi na nane. Hiyo ni hesabu kamili, na ni hesabu nzuri kuliko ile ya kuzidisha kwa kushusha sifuri. Kazi yako ni kuiandika ubaoni jinsi alivyoisema, mstari kwa mstari, aione akili yake mwenyewe ikiwa imekaa kwenye maandishi.

Anapoanza kuandika ndipo atakapokwama, na atakwama mahali ambapo pengine hukupatarajia. Atasikia elfu mbili mia tano, naye ataandika 2000500, kwa sababu ameandika elfu mbili kisha mia tano, jinsi masikio yalivyompa. Usilifute kosa hilo haraka. Mpe noti na sarafu, za kweli au za kukata kwenye maboksi, na uchore safu nne chini: za elfu, za mia, za kumi na za moja. Aziweke noti mbili za elfu katika safu ya kwanza na sarafu tano za mia katika safu ya pili, kisha aandike idadi aliyoiona katika kila safu, na pale pasipo na kitu aweke sifuri. Nimewaona watu wazima wakiiangalia 2500 inayotokea hapo kana kwamba wamefichuliwa siri waliyonyimwa miaka mingi.

Kutoka hapo unaweza kwenda moja kwa moja kwenye lumbesa, kwa kuwa umesema wengi wao ni wakulima wa mahindi. Kila mmoja anaijua lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka linaota kichwa na kushonewa kilemba juu, na kila mmoja anajua kwamba sheria ya vipimo inaikataza na kwamba wanunuzi bado wanaidai. Wasichokuwa nacho ni hasara hiyo ikiwa imeandikwa. Tuseme gunia lililopaswa kuwa na kilo 100 limefikishwa kilo 130, na kilo ni shilingi 600. Mkulima amelipwa 60,000 na amewapa wengine kilo 30 za bure, yaani 18,000; kwa magunia matano ni 90,000. Tarakimu hiyo ikiisha kuandikwa, mjadala utakaofuata hutauongoza wewe. Wataulizana kwa nini wauze mmoja mmoja, nani ana mizani, na kama kikundi kinaweza kununua mizani yake. Hiyo ndiyo stadi ya maisha uliyokuwa unaitafuta siku ya Ijumaa, nayo imekuja na kuzidisha, na nafasi za tarakimu, na maneno gunia, mizani na kilo ya kuandikwa daftarini.

Naomba sasa nirudi nyuma kidogo katika historia yetu, kwa sababu swali lako limewahi kuulizwa na nchi nzima. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioendeshwa Mwanza na mikoa jirani ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, kuanzia 1968 hadi 1972, ulijengwa juu ya wazo hilihili: mkulima wa pamba asome kuhusu pamba, mvuvi asome kuhusu samaki, wenye migomba wasome kuhusu ndizi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ikafuata changamoto ya kufuta ujinga mwaka 1971 katika wilaya sita, zikiwamo Mafia, Ukerewe na Masasi, na vitabu vya aina ile vikaenea nchini. Wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha asilimia 39, na ule wa 1986 ulionyesha kiasi cha asilimia 10. Mafanikio hayo ni makubwa na sipendi kuyasikia yakibezwa na watu ambao hawajawahi kuwasha karabai na kuingia darasa la usiku.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kujifunza kutoka kwenye vitabu vile. La kwanza ni kwamba somo lililochaguliwa kwa ajili ya mkoa halikumfaa kila aliyekuwa mkoani; mwanamke ambaye fedha za pamba zilipokewa na mumewe hakuwa na hamu kubwa ya kusoma namna ya kupanda pamba kwa mistari, na kama angeulizwa pengine angetaja barua, au daftari la deni la duka. La pili ni kwamba vitabu vingi vilizungumza kwa sauti ya bwana shamba: palilia mapema, tia mbolea, nyunyiza dawa. Msomaji aliyejua tangu zamani kwamba mbolea inafaa, ila hana fedha za kuinunua, alijifunza kusoma agizo asiloweza kulitekeleza. Uchumi ulipobana mwishoni mwa miaka ya 1970 na vitabu na magazeti ya wasomaji wapya yakaadimika, wengi waliokwisha kufuzu walianza kusahau, kwani hawakuwa na kitu cha kusoma ambacho kilikuwa chao.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikwenda kwa njia nyingine kidogo, na ndiyo ninayopenda kuitolea mfano. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakaamua cha kufanya kabla ya kutawanyika. Wazee wanaoikumbuka hawakumbuki sana alichosema mtangazaji. Wanakumbuka vyoo walivyochimba na mapipa yenye maji machafu waliyomwaga wiki ileile. Kama darasa lako linakwisha bila mtu yeyote kuondoka na jambo la kufanya au karatasi ya kuisoma nyumbani, basi somo la siku hiyo halijakamilika, hata kama ubao umejaa.

Nisieleweke vibaya kuhusu mazoezi. Wako wenzetu ambao, kwa kuchoshwa na silabi, wanazitupa kabisa na kubaki na majadiliano matamu juu ya maisha, na baada ya mwaka wanakisomo wao wanajadili vizuri lakini hawasomi. Mtu mzima anayesoma silabi moja moja kwa kujikongoja hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Mpaka silabi zitoke bila kufikiriwa, kusoma hakutamletea faida. Kwa hiyo katika kila kipindi cha saa moja na nusu ningetenga dakika 25 za kurudia silabi na maneno kwa sauti na kwa kasi, kila siku, bila huruma na bila aibu, pamoja na maneno ya wiki zilizopita. Waeleze kwa nini mnafanya hivyo. Mtu mzima huvumilia zoezi linalochosha akijua linampeleka wapi, jambo ambalo mtoto hafanyiwi hisani ya kuelezwa.

Kuhusu wale 11 walioacha, kabla hujafikiri kwamba hawana moyo, kagua macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi macho ya karibu hupungua kwa karibu kila mtu, na mama wa miaka 50 anayedai kwamba herufi hazimwingii mara nyingi hazioni. Atakuambia kichwa changu kizito, kwa kuwa hajawahi kuwa na sababu ya kutazama kitu kidogo kiasi hicho na hajui kwamba wengine wanakiona vizuri. Mwombe asogeze daftari mbali. Akisoma vizuri mkono ukiwa umenyooka, tatizo lake ni la miwani. Andika kwa herufi kubwa, fundisha kukiwa na mwanga, na kikundi kikiweza kinunue miwani ya kusomea ya pamoja ya nguvu tofauti na kuiweka sandukuni na madaftari. Utashangaa ni wangapi watakaorudi kwa ajili ya jambo hilo tu.

Halafu kuna suala la heshima, ambalo wewe unalijua kuliko mimi, lakini nitalitaja kwa kuwa mazoea ya darasa la kwanza hung'ang'ania. Usimwite mtu ubaoni peke yake katika wiki za mwanzo. Waende wawili wawili. Waite kwa majina wanayoitwa mtaani, Mama Fulani na Bi Fulani. Siku za kupanda na kuvuna, funga darasa kwa makubaliano badala ya kuliacha lijifie lenyewe, maana anayekosa vipindi vitatu huona haya kurudi, na haya hiyo ndiyo inayofukuza watu kuliko ugumu wa masomo.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama simu ziruhusiwe darasani. Ziruhusiwe, tena ziwe kitabu. Ujumbe wa muamala wa fedha una kiasi kilichotumwa, makato, salio, tarehe na jina la mpokeaji, na wengi wa wanakisomo wako humpa wakala au mjukuu asome kwa niaba yao na wakati mwingine huambiwa salio lisilo la kweli. Wanakili ujumbe kama huo daftarini, watafute makato yako wapi, wajumlishe waone kama salio linalingana. Kisha andika ubaoni ule ujumbe wa matapeli ambao karibu kila mwenye laini Tanzania amewahi kuupokea, unaosema kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, na uwaulize: hela ipi, nani ameandika, jina lake liko wapi? Ni mafunzo bora ya kusoma kwa kuhoji, nami sijapata kitabu kinachoyatoa vizuri hivyo. Jambo moja tu lisiwe na mjadala: namba ya siri haiandikwi daftarini, haitamkwi darasani, na hata mwalimu haambiwi.

Ningeanza hivi Jumatatu ijayo. Waombe wale sita waje na karatasi moja kila mmoja kutoka nyumbani, yoyote ambayo imewahi kumkwaza: kadi ya kliniki, risiti, bahasha ya dawa, barua ya serikali ya mtaa, ukurasa wa daftari la vikoba. Zitandaze mezani, kila mmoja aeleze yake aliipataje na ilimpa shida gani, kisha wachague wenyewe ipi itangulie. Nina hisia kwamba watachagua daftari la vikoba, kwa sababu katika vikundi vingi watu 30 huweka hisa zao na mmoja au wawili tu ndio wanaoweza kusoma kilichoandikwa. Kama itakuwa hivyo, zungumza kwanza na katibu wa kikundi, kwa upole na faraghani, kabla hujaanza kufundisha namna ya kusoma safu ya hisa, safu ya mkopo na safu ya marejesho, kwa sababu siku wanachama wote watakapoweza kulisoma daftari lile kazi yake haitakuwa kama ilivyokuwa, na ni vizuri alisikie hilo kutoka kwako mapema. Pengine atakubali kuja kulifundisha mwenyewe.